Kava la Kochi Huanzia kwenye Beseni

Mtu akinipigia simu kutaka makava ya makochi, neno lake la kwanza ni rangi na la pili ni bei. Huwa namrudisha nyuma kwa swali ambalo wengine hudhani ni utani: hapo nyumbani nani anafua, na anafulia nini? Kama ni mashine, ya kilo ngapi? Kama ni beseni, maji yanatoka kila siku au mnachota na kuweka kwenye pipa? Kamba ya kuanikia mnayo, au nguo zinaning'inia kwenye ukuta wa jirani? Nikishajibiwa hayo, rangi tutaongea hata kwa WhatsApp.

Kochi halifuliki. Sponji likishakunywa jasho, chai, mafuta ya nywele na vumbi la barabarani, ndiyo basi tena. Kava limewekwa pale lipokee yote hayo kwa niaba ya kochi, kisha livuliwe, lifuliwe, lirudishwe. Sasa kava ambalo mtu mmoja hawezi kulivua, kulifua na kulirudisha bila kuita msaada lina faida gani? Bora ungemwita fundi wa makochi akawamba kitambaa kipya kwa stepla, angalau kingekaa kimenyooka. Kwa hiyo kila ninachoamua nikiwa na mkasi mkononi, kuanzia kitambaa hadi zipu, nakipima kwa siku ya kufua. Siku ya kupiga picha itajitafutia yenyewe.

Nianze na uzito, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Kochi la mtu mmoja lenye mikono minene, mgongo wa wastani na mto mmoja wa kukalia hula mita 6 hadi 7 za kitambaa chenye upana wa sentimita 140, ukihesabu na marinda ya chini. Chukua turubai la pamba la gramu 300 kwa mita ya mraba: kava zima linakaribia kilo 3 likiwa kavu. Likiloa, linazidi maradufu. Halafu kumbuka seti yetu ya kawaida ina la watu watatu, la wawili na mawili ya mtu mmoja mmoja. Huyo anayekamua kwa mikono, mgongo wake ndio unaolipia uzuri wa sebule, na mara nyingi yeye hakuulizwa lolote siku ya kuchagua kitambaa.

Nyumba ya beseni naipa kaki ya pamba ya gramu 200 na ushei, au mchanganyiko wa pamba na polista, ambao hukauka upesi na haujikunji sana. Jinzi nyepesi nayo inafaa. Turubai zito nawaachia wenye mashine, na hata wao nawaambia wafue kochi mojamoja. Velveti ni nzuri machoni, lakini manyoya yake yakishalala kwa kukamuliwa hayaamki yote, na makunyanzi yake hayataki pasi. Kitani ni kitambaa ninachokipenda kuliko vyote kwa kazi hii, kinapumua na kinazidi kulainika kila kikifuliwa, ila bei yake huwafanya wateja wanyamaze kwenye simu.

Kuna njia ya katikati ambayo mafundi wengi wanaijua na hawaisemi: mapazia mazito ya mitumba. Ukiingia soko la Karume hapa Dar es Salaam asubuhi mafungu yanapofunguliwa, utakuta mapazia ya pamba nzito yenye upana wa kutosha mgongo mzima wa kochi bila kuunga. Yameshafuliwa huko yalikotoka miaka na miaka. Yaliyotaka kurudi, yaani kunywea na kuwa mafupi, yamesharudi, yaliyotaka kuchuja yameshachuja. Kabla hujalipa, linyanyue pazia kwenye mwanga. Jua la dirishani hula nyuzi kwa mistari, pale tu ambapo mikunjo ilikuwa inatazama nje. Shika mstari uliopauka, vuta kwa vidole gumba viwili. Likichanika hapohapo mkononi, lirudishe kwenye fungu na usiseme kitu, mwenye macho mengine atalinunua.

Kitambaa kipya kinafuliwa kabla ya kukatwa. Hapa sina mjadala na mteja. Pamba mpya hurudi, na hesabu yake ni rahisi: kikirudi asilimia 5, mgongo wenye urefu wa sentimita 80 unapoteza sentimita 4. Sentimita 4 ndizo zinazofanya zipu igome kufunga baada ya dobi wa kwanza. Nakiloweka kwenye maji ya moto kuliko yale ambayo mteja atatumia, nakianika, nakipiga pasi kikiwa na unyevunyevu, halafu ndipo nakigusa kwa mkasi. Kuhusu rangi, nakata kipande kidogo, nakilowesha kwa maji ya moto yenye sabuni, nakibana ndani ya kitambaa cheupe na kukipitishia pasi. Cheupe kikipata rangi, tumeshajua nani atafuliwa peke yake.

Wengi wanaogopa nyeupe. Nilikuwa nao hao mpaka nilipokutana na mama mmoja wa Magomeni. Namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba mwanangu, hata kukaa sijakaa ananiambia, "Nataka nyeupe. Nyeupe tupu, isiwe maziwa wala isiwe krimu."

"Mama, na wajukuu hawa?"

"Wajukuu wana mkeka wao."

Mjukuu mmoja wakati huo alikuwa amepanda juu ya mkono wa kochi, anakula embe, maji yanamtiririka hadi kwenye kiwiko. Mama hata hakumwangalia. Alikuwa ameshafikiria kuliko mimi. Pamba nyeupe unaiweka jiki, unaisuuza, inarudi mpya. Haina rangi ya kupauka, haina rangi ya kuchuja. Hudhurungi iliyoiva ambayo watu huikimbilia kwa sababu eti haionyeshi uchafu hupauka mikononi na kwenye kichwa cha kochi ndani ya msimu mmoja wa jua la dirishani, na vumbi letu la rangi ya mchanga huonekana juu yake waziwazi. Masharti yangu kwa nyeupe ni mawili tu: pamba tupu, na pasiwe na lastiki popote, kwa sababu jiki huimaliza lastiki. Yule mjukuu naye, kwa taarifa yenu, sasa anakaa kwenye kochi.

Hapo ndipo ugomvi wangu na yale makava ya kuvutika ulipo. Yanauzwa kila kona ya Kariakoo, saizi moja kwa makochi yote, unavuta unapachika. Kwa mtu aliyepanga chumba na anahama mwakani, sina neno, nunua. Lakini lile ni fulana. Kila mtu akiinuka linafuata makalio yake, mwanya wa mgongo na kikalio unapotea, kochi linabaki uvimbe. Nyuzi zake za kuvutika zinachoka kwa joto la pasi na dawa ya madoa, na zikichoka hazishonwi.

Kazi nyingi ninazopata siku hizi zimeletwa na leza. Siyo ngozi, tusidanganyane. Ni kitambaa kilichopakwa tabaka jembamba la plastiki, mara nyingi poliyurethani, ambalo joto na unyevu wa hewa hulivunjavunja polepole. Pwani tuna vyote viwili mwaka mzima. Ndiyo maana kochi la leza hubanduka magamba hata kwenye sebule isiyokaliwa, na mwenye nyumba anabaki kulaumu watoto. Fremu inakuwa nzima, sponji zima, ngozi ndiyo imekufa. Kava ni dawa nzuri hapo, ila usilivishe juu ya magamba. Sugua yote kwa brashi ngumu mpaka yasibanduke tena, halafu laza juu yake flaneli au blanketi jembamba kuukuu, ulishikize kwa mkono sehemu chache. Bila hilo kava linateleza kutwa, na vipande vyeusi vinajitokeza kwenye maji ya kufulia kila mara.

Sasa kipimo. Mteja hunitumia picha ya kochi na namba: upana hivi, kina hivi, urefu hivi. Namshukuru, zinanisaidia kukadiria mita za kununua, basi. Kava linakatwa juu ya kochi lenyewe. Makochi yetu mengi yametoka kwa mafundi wa Keko na wenzao mitaani, yamejengwa kwa jicho na mazoea, na hakuna ubaya. Nimeona makochi ya Keko yenye mbao ngumu yaliyowambwa upya mara kadhaa na fremu haijalegea. Lakini mkono wa kulia na wa kushoto wa kochi la namna hiyo ni ndugu, mapacha hawajawahi kuwa. Hata ya kiwandani, yakishakaliwa miaka mitano na mtu mmoja anayeegemea upande mmoja kutazama mpira, yanapinda.

Kwanza nakata kielelezo kwa kitambaa cha bei ndogo kisichovutika: bafta, shuka kuukuu la mitumba, au marekani, ile pamba isiyopaushwa ambayo meli za Salem kule Massachusetts zilikuwa zikiishusha Unguja kwa wingi katika karne ya 19, hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipoivuruga biashara hiyo. Mabibi zetu waliivaa. Mimi naivalisha makochi, na sijapata kitambaa kinachosema ukweli kuliko hicho: hakivutiki, hakijifichi, na kalamu inaandika juu yake.

Kwa yule mama wa Magomeni ilikuwa hivi. Nilitoa mto wa kukalia, nikachora kwa chaki mstari wa katikati juu ya mgongo wa kochi, kutoka kichwani mpaka kwenye mwanya, na mwingine kwenye kikalio ukashuka hadi chini mbele. Kipande cha mgongo wa ndani nikakikunja katikati kupata alama yake, nikaipandisha juu ya chaki, nikabana pini kuanzia katikati kwenda pembeni. Mwelekeo wa nyuzi lazima usimame wima. Ukilala kidogo tu, kava litajizungusha baada ya kufuliwa na hutajua kwa nini. Kisha kikalio, kisha mikono ya ndani ikapanda juu na kushuka upande wa pili hadi chini ya ule mviringo wa mkono. Mkono wa nje, uso wa mkono, mgongo wa nje mwisho.

Pini nilibana kingo zikiwa zimetokeza nje, uso wa kitambaa ukinitazama. Mafundi wengi hugeuza ndani nje ili wakitoa wapeleke cherehani moja kwa moja, na kwa kochi lililo sawa pande zote inaokoa muda kweli. Lakini ukibana ndani nje halafu ukaligeuza, cha kushoto kinahamia kulia. Mkono wa kulia wa kochi lile ulikuwa mnene kuliko mwenzake kwa sentimita 2 nzima. Ungegeuza, upande mmoja ungebana na mwingine ungepwaya, na fundi angerudi nyumbani kulaumu mkasi. Kwa hiyo nachora mistari ya mishono pande zote mbili za pini, nakata alama za kukutanishia, na juu ya kila kipande naandika jina lake, mshale wa kuelekea juu, na "kushoto kwa anayekaa" au "kulia kwa anayekaa". Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kushoto kwa fundi aliyepiga magoti mbele ya kochi ni kulia kwa kochi.

Sehemu inayochukua akili ni pale mkono unapokutana na mgongo. Kitambaa cha mkono kinakuja kimenyooka, kinagonga mgongo, kinakataa kwenda mbele. Ukikilazimisha kinatengeneza mkunjo mnene utakaoonekana kutoka mlangoni. Hapo nachukua mkasi mdogo, naanza kupasua kutoka ukingoni kuelekea kwenye duara la mkono, vikato vyembamba vilivyotawanyika, kila kimoja kinasimama sentimita 1 kabla ya mstari wa mshono. Kikato cha kwanza hakibadilishi kitu. Cha pili, kitambaa kinalegea kidogo upande wa juu. Unaendelea taratibu, unakisukuma kwa kidole gumba ndani ya pembe, unasubiri. Kikifika mahali pake kinalala chenyewe, huhitaji kukishika. Ukiona bado unakishika, bado hujamaliza kukata. Ukipitiliza mstari kwa kikato kimoja, kipande kizima kimekwenda, ndiyo maana tunafanya haya kwenye bafta kwanza.

Kitu kingine kinachotofautisha kava linalokaa na kava linalotoka ni kitambaa cha kuchomekea. Kwenye mwanya wa mgongo na kikalio naacha sentimita 12 hadi 15 za ziada kwa kila kipande, mgongo na kikalio, vinashonwa pamoja huko ndani kabisa halafu vinasukumwa chini. Pembeni mwa kikalio, kuelekea mikono, ziada hiyo huanza sifuri kwa mbele na kupanuka kadiri inavyorudi nyuma, kwa sababu mbele hakuna mwanya wa kuificha. Mtu akikaa, sponji linazama, kitambaa kinahitaji pa kutokea. Mteja hukiona kile kitambaa cha ziada mezani na kuuliza kama nimemuibia mita zake. Kisha ndani ya mwanya nachomeka mabaki ya sponji yaliyoviringishwa na kufungwa uzi, yakae kama kabari. Bila kabari, watoto wakirukaruka mara mbili tu kava lote liko juu.

Kwenye kushona sina mengi. Sindano namba 16, au 18 ikiwa ni jinzi na kuna paipini. Hatua ya mshono isiwe fupi, milimita 3 na zaidi. Uzi wa polista hata kama kitambaa ni pamba. Kingo zote zipite ovaloki kwa sababu kitu kinachofuliwa kitafumuka, swali ni lini. Cherehani ya Butterfly ya miguu inaifanya kazi hii bila kulalamika. Nimeshona makochi ya watu watatu juu yake, na zile cherehani ndogo nyeupe za umeme zinazotangazwa sana zinaanza kunguruma zikifika tabaka la nne la turubai.

Paipini lakini inastahili maneno. Ni ule mkia mwembamba unaozunguka mikono na mito na kulipa kava sura ya kitu kilichokusudiwa. Kitambaa chake kinakatwa mshazari, vipande vya upana wa sentimita 4 hadi 5, vinaungwa kwa pembe, halafu kamba inafungwa katikati na kushonwa kwa mguu wa zipu. Kamba ya pamba nayo ifuliwe kwanza! Kamba isiyofuliwa itarudi ndani ya mshono baada ya dobi wa kwanza, kitambaa kinabaki na urefu wake, na ukingo wote wa mkono unajikunjakunja. Mwenye kochi atasema kitambaa ni kibaya. Kitambaa hakina kosa. Paipini zinapokutana kwenye mshono mwingine, vuta kamba nje kidogo na uikate, mshono upite kwenye kitambaa kitupu. La sivyo unavunja sindano, na kile kinundu hakitapigika pasi milele.

Zipu naiweka kwenye kona ya nyuma ya kochi, inafungukia chini, ikipanda hadi karibu na kichwa. Kochi lenye mgongo mpana juu na chini chembamba linahitaji mbili, kila kona moja, kwa sababu sehemu pana inabidi ipite kwenye tundu la sehemu nyembamba. Zipu ziwe za plastiki. Chuma na hewa ya bahari vinajulikana, na doa la kutu kwenye pamba nyeupe halisikii jiki. Mto wa kukalia una zipu yake inayopita nyuma nzima na kuzunguka pembe zote mbili kwa sentimita 8 au 10, ili sponji liingie bila kusukumwa na magoti. Foronya yake naikata ndogo kuliko sponji kwa sentimita 1 hivi, ijae. Kama sponji limechoka na lina bonde katikati, hakuna foronya itakayoficha. Tununue sponji kwanza.

Marinda ya chini yapimwe kutoka sakafuni kwenda juu, maana sakafu za saruji zina miteremko yake. Yaishie kama sentimita 1 na nusu juu ya sakafu ili wakati wa kudeki maji yasipande. Basi.

Kuna wanaoniletea khanga na vitenge. Kitenge kizuri kinapendeza kwenye mto wa kuegemea na mgongo wa nje, pasipokaliwa. Kwenye kikalio kinaisha haraka, ni chepesi mno. Khanga nazo zina mtihani wake wa jina. Panga ujumbe vizuri, mgeni asije akaketi katikati ya "Hasidi hana sababu" na kuanza kujiuliza.

Na kwa kuwa tumetaja wageni: Ulaya ya karne ya 18, nyumba kubwa zilikuwa na viti vya hariri vilivyofunikwa kutwa kwa makava ya pamba au kitani, mara nyingi ya mirabaraba ya drafti. Fundi maarufu wa samani wa London, Thomas Chippendale, alikuwa akiwauzia matajiri viti pamoja na makava yake. Wageni wa heshima wakija, makava yanavuliwa. Sisi tunafanya kinyume. Kuanzia mkesha wa Idi mpaka Krismasi, mgeni akitajwa ndipo kitu kinavalishwa: vitambaa vya kufuma mgongoni na mikononi, makava mapya, wakati mwingine vyote kwa pamoja. Simu zinaanza kulia wiki mbili za mwisho za Ramadhani, na kila mmoja anataka kabla ya mwezi kuandama. Seti moja ikifanywa vizuri, na kufua kitambaa na kubana kielelezo ndani yake, haimaliziki kwa siku mbili. Anayekuahidi siku mbili ameamua kitambaa kirudi kikiwa kwako.

Kufua kwenyewe: funga zipu zote kabla ya kuloweka, zisikwaruze kitambaa. Geuza ndani nje, anika kivulini ukiwa na rangi, juani ukiwa na nyeupe. Kava la pamba livishwe kochi likiwa limebakiwa na unyevunyevu kidogo tu, lile la kuhisi mkononi bila kuliona. Unalivuta, unachomekea, unafungulia feni, nalo linakaukia kwenye umbo la kochi bila pasi. Likiwa bado bichi usilivishe, sponji likipata ukungu harufu yake itakaa na ninyi mpaka masika mengine.

Mabaki ya kitambaa nayarudisha kwa mwenye kochi, yote, hata yale madogo. Wengi hunishukuru na kuyatia kabatini. Nawaomba wasifanye hivyo. Kipande kimoja cha ukubwa wa taulo ya mkono kiingie kwenye beseni kila makava yanapofuliwa, kianikwe kamba moja nayo. Mkono wa kochi ndio unaoisha kwanza, pale kiganja kinapopumzika, na siku ukiniita kutia kiraka, kipande cha kabatini kitakuwa kina rangi ya dukani na kochi lina rangi ya miaka minne. Kile cha kwenye beseni kitakuwa kimepauka pamoja na wenzake, na nikikishona hutakiona.